Ukiona Vyaelea

Kwa miaka mingi sisi walimu wa Kiswahili katika shule za kando ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda, tulilifundisha neno "mazingira" kwa njia moja tu. Tulichora mmea ubaoni, tukauzungushia jua, mvua, udongo na hewa, kisha tukaeleza kwamba neno hilo limetokana na kitenzi "zingira": mazingira ni yale yauzungukayo mmea, nao mmea hutulia ukipokea unachopewa. Somo likaisha, ubao ukafutwa.

Gugu maji ndilo lililotusahihisha. Asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini, na watu walilieneza duniani kwa kuyapenda maua yake ya rangi ya zambarau. Mwaka 1988 lilionekana katika Ziwa Kyoga, na haukupita muda mrefu likawa limeenea katika Ziwa Victoria. Penye joto na rutuba huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Katika miaka ya 1990 ghuba nyingi zilifunikwa, mitumbwi ikashindwa kutoka, na hata bandari ya Port Bell ikasongwa.

Siku moja katika miaka hiyo tulirudia somo lile lile. Mtoto wa mvuvi akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, kati ya ziwa na gugu, lipi limezingirwa?" Hatukuwa na jibu.

Swali lile lilitupeleka ufukweni. Chini ya zulia lile la kijani mwanga haupenyi. Majani yaliyokufa huzama, na katika kuoza kwake humaliza oksijeni ya maji. Samaki wengi huhama au hufa, lakini kambare na kamongo, wawezao kuvuta hewa ya juu, hustahimili. Konokono waenezao kichocho hupata makao penye mizizi. Kumbe mmea haupokei tu, bali nao huumba upya mahali ulipo.

Na je, gugu lilikula nini hata likanawiri hivyo? Mizizi yake huning'inia majini ikifyonza naitrojeni na fosforasi. Sehemu ya chakula hicho huteremka na udongo wa vilima tulivyovikata miti, na sehemu hutoka katika maji machafu ya miji yetu. Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, jua vimeundwa." Tulizoea kuitumia methali hiyo kusifia kazi ya fundi, hatukudhani kwamba siku moja ingetusuta sisi wenyewe.

Mwaka 1995 fukusi walao gugu hilo walianza kuachiliwa ziwani upande wa Uganda, na kufikia mwisho wa muongo ule lilikuwa limepungua sana. Hata hivyo mbegu zake hudumu topeni miaka mingi, na maadamu chakula kingali kinateremka, limekuwa likirudi.

Sasa tunapochora mmea ubaoni twatia mishale ya kwenda na ya kurudi, na kando yake twamchora mtu mwenye jembe. Mtoto yule hatukumjibu siku ile. Jibu letu ni hili, ijapo limechelewa: ziwa na gugu vimezingirana, na sisi tumo ndani.