Mhariri Aliporudi Chekechea

Naanza kwa kukiri: mimi ni mtu wa kuringia lugha. Nina shahada ya mawasiliano ya umma na ninakula kwa kusahihisha Kiswahili cha watu. Hata mume wangu haponi. Akinitumia meseji "watu wanao sema", namrudishia palepale: "wanaosema" ni neno moja, baba. Sasa mtu wa namna hiyo mchukue, mpeleke Seoul, umfanye bubu.

Nilikwenda Korea Kusini mapema 2023 kwa mkataba wa miezi 18, kuhariri vitabu vya kufundishia Kiswahili. Usishangae, Wakorea wanakisoma. Pale Seoul kuna Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni ambacho kimekuwa kikikifundisha kwa miaka mingi. Mume wangu alibaki Mbalizi na duka la pembejeo, binti yetu na mama mkwe. Makubaliano yalikuwa rahisi: naleta pesa ya kumalizia nyumba, narudi. Kujifunza Kikorea? Cha nini? Miezi 18 si inapita tu!

Ofisini kulikuwa na kijana aliyesoma Kiswahili chuoni. Huyo ndiye aliyegeuka mdomo wangu. Benki, yeye. Mwenye nyumba, yeye. Bomba limeziba, yeye.

Mwezi wa nne nikaanza kutokwa damu bila mpangilio. Kliniki ya wanawake nayo nikaenda naye, ningefanyaje? Daktari anauliza, kijana anatafsiri macho yakiwa sakafuni. Mara ya mwisho lini? Umewahi kupata mimba ngapi? Imeharibika yoyote?

Nikanyamaza. Kisha nikasema: ndiyo, moja, 2019.

Shida ni kwamba mume wangu alikuwa hajui. Usiku ule wa 2019 alikuwa safarini Dar, kufuata mzigo. Nilikuwa na mama mkwe peke yake. Alinishika mpaka alfajiri, akinisemesha Kisafwa, nami natikisa kichwa bila kuelewa hata neno. Mimi ni mtoto wa Tanga. Kisafwa nilikiona ni cha wazee. Asubuhi nilimwomba asimwambie mwanawe, na kweli hakumwambia. Miaka minne nimebana siri, halafu mtu wa kwanza kuisikia anakuwa mfanyakazi mwenzangu!

Usiku huo nilimpigia mume wangu nikamweleza yote. Alinyamaza. Siku mbili hakupiga simu. Ya tatu akasema, "Ningejua, nisingekuwa nakutania kila siku kuhusu mtoto wa pili." Tulilia wote, kila mtu upande wake wa dunia.

Wiki hiyohiyo nikaanza kusaka darasa.

Nilidhani ni kazi ya siku moja. Kumbe! Vyuo vikuu vina kozi nzuri sana, lakini kwa kawaida ni saa nne kila siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki kumi: jumla saa 200, na ada ya zaidi ya won milioni moja. Na wakati wa vipindi mimi niko ofisini. Nikaambiwa kuna mpango wa serikali kwa wageni, ulioanza 2009, wenye ngazi 0 hadi 5. Ile 0 ni ya saa 15 tu, kwa wasiojua kitu kabisa. Hapo nikasema nimefika. Bahati mbaya awamu ilikuwa imeshaanza.

Nikajaribu shule moja ya jioni. Mlangoni wameandika darasa la wanaoanza. Naingia, wenzangu wote wanasoma ubaoni kama maji! Mimi hata jina langu siwezi kulitambua. Nilivumilia vipindi viwili, nikaondoka nimeshika viatu mkononi, kwa aibu hata kuvaa nimesahau.

Mwishowe nikapata darasa la Jumapili, bure, kwenye kituo kimoja cha wahamiaji. Tulikuwa tisa: vijana wa viwandani kutoka Nepal, wake wa watu kutoka Vietnam, na mimi. Mwalimu alikuwa mama mstaafu anayejitolea. Alianza na herufi: 24 tu, konsonanti 14 na irabu 10. Maandishi haya yalibuniwa chini ya Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa 1446, ili mtu wa kawaida asiyeweza herufi za Kichina naye asome. Baada ya Jumapili tatu nilikuwa nasoma mabango barabarani kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Maana yake sijui, lakini nasoma!

Kusema ndiyo kulinitoa jasho. *Dal* ni mwezi, *ttal* ni binti, *tal* ni barakoa. Sikioni mwangu zote zilikuwa kitu kimoja. Niliwaambia darasa zima kwa fahari kwamba nyumbani nina barakoa ya miaka minane. Mwalimu alicheka mpaka akakaa.

Mengine yalinikalia vizuri. Kitenzi cha Kikorea hubadilika mwisho kulingana na unayesema naye. Aliyelelewa na shikamoo haoni ajabu. Saa wanahesabu kwa namba zao za asili, dakika kwa zenye asili ya Kichina. Wenzangu walinung'unika, nami nikakumbuka kwamba sisi tano ni yetu, sita na saba ni za Waarabu.

Miezi mitatu baadaye nilirudi kliniki peke yangu, na karatasi mkononi. "*Yeogiga apayo*," nikasema. Hapa panauma. Daktari akauliza polepole, nikajibu kwa kubabaisha, tukaelewana. Niliporudi nyumbani nilimpigia mume wangu kabla sijavua koti.

Kama na wewe unaenda nje kikazi, jifunze herufi kabla ya kupanda ndege. Ukiulizia darasa, usiulize tu kama ni la wanaoanza. Uliza kama waliomo wanajua kusoma. Na rafiki wa kukutafsiria mshukuru, lakini usimwachie mdomo wako.

Nilirudi Mbalizi Juni 2024, baridi ikiuma. Mama mkwe alikuwa uani anachambua viazi vilivyoshuka kutoka Umalila. Nikakaa chini, nikamwomba anifundishe Kisafwa. Akacheka: "Wewe mwanangu, msomi mzima?" Nikamwambia huko nilikotoka nilikuwa wa mwisho darasani.

Kisha nikamuuliza aliniambia nini usiku ule.

Aliendelea kuchambua viazi kwa muda. "Nilikuwa nakuambia na mimi nilipoteza wawili," akasema. "Baba yenu hakujua. Nikaona wewe unatikisa kichwa, nikajua umenielewa."

Siku hizi kila jioni ananipa maneno matano, na nikikosea ananikatiza palepale, tena mbele ya watu. Mume wangu anakaa pembeni anasikiliza. Sijawahi kumuona na furaha ya namna hiyo.