Daftari Lisilofunguka

Kabla babu yangu hajafariki alimsimulia baba mdogo habari za ukoo wetu, naye akaziandika kwa kompyuta. Mwaka jana nalitaka kuzisoma. Programu iliyoziandika haikupatikana tena, na nyingine nilizojaribu zilionyesha alama tupu zisizosomeka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, lakini halifunguki.

Baadaye nalijifunza kwamba jambo hili liliwasumbua hata wakubwa. Mwaka 2005 serikali ya jimbo la Massachusetts, huko Marekani, ilitangaza kwamba tangu Januari 2007 hati zake ziwekwe katika miundo iliyo wazi, yaani ile ambayo kanuni zake zimechapishwa, ili fundi yeyote aweze kutengeneza programu ya kuisoma. Mmojawapo ni OpenDocument, uliokubaliwa na shirika la ISO mwaka 2006.

Kampuni ya Microsoft ilipinga. Lakini mnunuzi mkubwa akitishia kwenda duka jingine, muuzaji hana budi kufikiri. Mwaka 2009 kampuni hiyo iliiwezesha Office 2007 kusoma na kuandika OpenDocument. Nadhani haikuwa huruma, bali soko.

Basi, wenzangu, mwandikapo maneno ya wazee, ulizeni kwanza ufunguo anao nani. Mimi nimeanza kumwuliza baba mdogo upya, nami naandika. Mengi amekwisha kuyasahau.