Kibanda cha Mlinda Moto Mlimani Pilchuck

Binti yetu alikuwa ametuandikia tangu mwezi wa Shaabani akiomba radhi yetu asomee uhifadhi wa misitu, nasi tukanyamaza. Barua ile tulikuwa nayo mfukoni tulipokwenda Seattle, Marekani, kuwazuru jamaa zetu waliohamia huko. Wenyeji wetu, pasi na kujua lililomo moyoni mwetu, wakatuchukua siku moja ya Agosti kuuona mlima Pilchuck.

Hupitwa mji mdogo wa Granite Falls, kisha barabara ya mawe yenye mashimo ambayo kwayo hatukujiona wageni hata kidogo. Gari sharti liwe na kibali cha kuegeshwa. Kutoka hapo ni miguu: kilomita 4 na ushei, na kupanda kwa kiasi cha mita 700, hadi kilele chenye mita 1,620 hivi. Theluji hukawia njiani mpaka Julai, basi atakaye kwenda na asubiri Agosti au Septemba, achukue maji na koti, kwani ukungu huko hushuka ghafla na watu hupotea. Mwanzo ni kivuli cha miti mirefu. Mwisho ni majabali, ambayo mtu huyapanda kwa mikono na miguu. Mama watoto, tuliyemsihi abaki garini kwa ajili ya goti lake, alitutangulia. Tulimkuta ameketi chini ya ngazi ya kibanda, akatuuliza tulichelewea wapi.

Kibanda chenyewe ni cha mbao, kimekaa juu ya majabali, na madirisha yake hutazama pande zote nne. Vibanda vya namna hii vilienea Marekani baada ya moto mkuu wa tarehe 20 na 21 Agosti 1910, uliounguza kiasi cha ekari milioni 3 katika majimbo ya Idaho na Montana na kuua watu wasiopungua 80. Hapo serikali ikaona kwamba moto hauna budi kuonwa ungali moshi mwembamba. Hapa Pilchuck walinzi walikaa hadi miaka ya 1950. Baadaye ndege zikaichukua kazi, na kibanda kikachakaa mpaka wapanda milima wa mji wa Everett walipojitolea kukitengeneza.

Kazi ya mlinzi ilitushangaza kwa wepesi wa hesabu yake. Katikati ya kibanda huwekwa ramani ya duara iliyozungukwa na pete yenye nyuzi 360. Mlinzi huulenga moshi kwa tundu na uzi, akasoma nyuzi, akazitaja kwa simu. Mlinzi wa kilele kingine hufanya vivyo hivyo, na mistari miwili inapokatana kwenye ramani, hapo ndipo penye moto. Radi zikipiga, husimama juu ya kigoda chenye miguu iliyovishwa vioo, umeme usimpitie.

Tulidhani ni kazi ya wanaume. Mwenyeji wetu akatusimulia habari za Hallie Daggett, aliyeajiriwa mwaka 1913 kukaa juu ya kilele cha Klamath, California, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo na idara ya misitu ya nchi ile. Dada yake ndiye aliyempelekea chakula. Kila kiangazi alirudi, yapata miaka 15. Mama watoto alitutazama wakati wa habari hiyo, nasi tukajifanya twatazama milima. Na kwa kweli ilistahiki kutazamwa: Rainier imevaa theluji upande wa kusini, na bahari ikimeremeta magharibi.

Adhuhuri ikaingia. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini, na huko pia, ajabu, ni kaskazini ikiegemea mashariki kidogo. Tukasali kwa kupunguza juu ya jabali tambarare, mmoja mmoja, maana nafasi haikutosha safu.

Kushuka kulichukua muda kuliko kupanda, na safari hii goti lililouma lilikuwa letu. Usiku ule tuliiandika jawabu, mistari mitatu tu, wa mwisho ukimuuliza karo ya chuo ni kiasi gani.