Mafundi wa Lamu na Mji Unaobadilika

Mtu atokaye bara kwenda Lamu kwa njia ya nchi kavu hupita Malindi, Garsen na Witu, na safari yake ya gari humalizikia katika gati ya Mokowe. Hapo hana budi kupanda mashua, kwa kuwa Lamu ni kisiwa. Baada ya muda si mrefu huuona mji wenyewe: nyumba za mawe zimejipanga kando ya bahari, na mashua na majahazi yamefungwa mbele yake. Akishuka na kuingia ndani ya mji, hujikuta katika vichochoro vyembamba ambamo punda mwenye mzigo akipita, mtu hulazimika kujibanza ukutani.

Watu wamekaa katika mji huu pasipo kukatika kwa muda wa miaka zaidi ya 700. Nyumba zake za kale zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko zilizokatwa katika mikono ya bahari iliyo karibu. Kwa sababu boriti haiwezi kuchukua uzito mkubwa ikizidi urefu fulani, vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini upana wake ni karibu mita 3 tu. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuandika Mji wa Kale wa Lamu miongoni mwa mahali penye urithi wa dunia nzima. Ni heshima kubwa. Lakini yafaa kukumbuka kwamba mawe hayakujijenga yenyewe. Sura ya Lamu imetoka katika mikono ya mafundi: waashi, wachongaji, waunda vyombo, washonaji wa kofia na watunzi wa mashairi.

Mmoja wa mafundi hao alikuwa Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa karibu na mwaka 1855 akafariki mwaka 1945. Kijuma alikuwa mchongaji, mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu, mshairi na mtu wa ngoma, yote kwa pamoja. Wataalamu wa Ulaya waliotaka kujua tenzi za zamani walimwendea yeye awanakilie. Katika maisha yake aliiona Lamu ikiwa chini ya masultani wa Unguja, kisha akaiona ikiwa chini ya serikali ya Waingereza. Aliyaona mabadiliko makubwa kuliko wengi wa wajukuu wake, wala hakutupa patasi yake wala kalamu yake. Mtindo mmoja wa nakshi za milango ya Lamu ungali ukiitwa Kijumwa hata leo, kwa jina lake.

Mlango wa Lamu si ubao wa kufungia nyumba tu. Miimo yake, kizingiti chake cha juu na ule ubao wa katikati uitwao mfaa hujazwa nakshi za maua, minyororo na majani, na mpita njia huweza kutambua heshima ya nyumba kabla hajapiga hodi. Katika miaka iliyopita wageni waliipenda mno milango hiyo, na mingi ilinunuliwa ikaondoka pwani. Sasa sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi yailinda milango yenye nakshi za namna hiyo iliyochongwa kabla ya mwaka 1946.

Hiyo ni sheria njema, lakini inazusha swali. Mlango uliochongwa kabla ya mwaka 1946 una mlinzi. Je, mkono unaochonga leo una mlinzi gani? Serikali yaweza kumkataza mtu asibomoe ukuta wa babu yake, na yaweza kumkataza mfanya biashara asipakie mlango wa kale katika meli. Haiwezi kumlazimisha kijana kukaa chini ya fundi miaka kadhaa ajifunze kushika patasi. Na siku fundi wa mwisho atakapokufa bila mwanafunzi, mji utabaki na milango mizuri isiyo na mtu wa kuitengeneza inapooza.

Swali hilo limekuwa zito zaidi kwa ajili ya bandari mpya. Tarehe 2 Machi 2012 ulizinduliwa mpango mkubwa wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia kwa barabara, reli na mabomba ya mafuta. Bandari ya mpango huo imejengwa upande wa bara, mbali kidogo na mji wa kale, na gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Wavuvi walilalamika kwamba kazi ya kuchimba bahari iliharibu mahali walipozoea kuvua. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Katika hukumu hiyo mahakimu waligusa pia jambo la utamaduni wa watu wa Lamu, kwamba haukuangaliwa kama ilivyostahili.

Si haki, hata hivyo, kuitukana bandari. Kijana wa Lamu ataka kuoa, kujenga na kusomesha watoto kama kijana wa Nyeri au wa Kisumu. Mshahara wa mwezi una ladha yake. Ufundi wa kuchonga hauleti fedha upesi, na mwanafunzi hupiga msasa na kufagia vumbi la mbao siku nyingi kabla ya kuaminiwa kugusa nakshi. Wazee wasiseme kwamba vijana wameharibika. Waseme kwanza ni chakula gani kilichomo ndani ya ufundi huo.

Mafundi wenyewe hawakukaa kimya. Wachongaji wengi sasa hutengeneza masanduku, viti, fremu za vioo na marehani ya kuwekea Kurani, vitu ambavyo mgeni aweza kuchukua na mwenyeji aweza kununua bila kujenga nyumba nzima. Nakshi ni zile zile, ila zimehamia katika vitu vidogo.

Watunzi nao wameutazama mji wao bila kuficha. Ustadhi Mahmoud Mau, imamu na mshairi wa Lamu, ametunga mashairi mengi juu ya malezi, ndoa, maradhi na mambo ya mji. Moja la mashairi yake laitwa Amu, nalo ni jina ambalo wenyeji wenyewe huuita mji wao. Mwaka 2023 mashairi yake yalipigwa chapa nchini Uholanzi pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwa hiyo watu wa mbali sasa wanasoma mawazo ya mtu wa Lamu juu ya Lamu, katika maneno ya Kiamu, badala ya kusoma maneno ya mpita njia.

Lakini labda jibu la ajabu kuliko yote lilitoka kwa waunda vyombo. Tangu zamani mafundi wa kisiwa hiki, hasa wa kijiji cha Matondoni, wameunda majahazi na mashua kwa tezo, msumeno na keekee, wakaziba nafasi za mbao kwa pamba na mafuta. Siku hizi mbao nzuri ni haba na za bei, na fukwe zimejaa takataka za plastiki zinazoletwa na mawimbi. Basi mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walifanya jambo lisilopata kusikika: waliyeyusha plastiki iliyookotwa, wakaifanya mihimili na mbao, wakaunda chombo cha urefu wa mita 9 hivi. Ubavuni wakakivisha vipande vya ndara kuukuu vya rangi nyingi. Chombo hicho, Flipflopi, kilishushwa majini Septemba 2018, na Januari 2019 kilisafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Unguja.

Wako waliocheka walipoona jahazi la ndara. Lakini yafaa kuangalia jinsi kazi ilivyofanyika. Plastiki haina nyuzi kama mti, nayo hupindika penye joto, kwa hiyo fundi alilazimika kujaribu tena na tena. Kilichomwongoza si kitabu, bali kipimo cha jicho alichorithi kwa wazee wake. Mtu asiyejua kuunda jahazi la mbao asingaliweza kuunda la plastiki. Ufundi wa kale ndio uliowezesha kitu kipya.

Hapo ndipo penye fundisho kwa wote, wa pwani na wa bara. Tabia ya mji haimo katika kuta zake peke yake, wala haiondoki kwa sababu meli kubwa zimefika. Imo katika mikono inayojua kazi, na mikono hiyo hufa isipopokewa na mingine. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ikiwa wakubwa wa bandari, shule na wenye nyumba za wageni watawapa mafundi kazi ya kweli, na mafundi nao wakawalipa wanafunzi wao hata kidogo tangu mwanzo, kijana hatalazimika kuchagua kati ya tumbo lake na ufundi wa babu yake. Na karani wa Nairobi au mkulima wa Meru atakayefika Lamu asiridhike kupiga picha mlango wa kale. Na aingie katika karakana iliyo karibu, aulize bei ya sanduku, aulize pia jina la kijana anayelichonga.