Mawe na Maua Kwenye Kamba



Ndugu wazazi na wanafunzi, leo napenda kuwasimulia yaliyotukuta nyumbani kwetu Nakivale, huenda yakamfaa mmoja wenu inshaallah.

Mwanangu alikuwa na miaka 6 tulipokimbia Kivu. Alipofika miaka 13 alikuwa bado anaamka usiku akipiga kelele. Darasani, mlango ukibamizwa, hutoka mbio. Wapo waliosema ana jini, wapo waliosema imani yake ni haba. Tulimsomea ruqya, na dua sijaiacha hadi leo. Mimi nilimwambia kila mara, "Sahau baba, yameshapita."

Mshauri nasaha mmoja wa Mbarara ndiye aliyetusaidia. Alitandaza kamba sakafuni akamwambia: haya ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Weka ua penye furaha, jiwe penye machungu. Kisha kila juma walisimulia kipande kimoja, polepole, kwa mpangilio: uliona nini, ulisikia nini, mwili ulihisi nini. Mshauri aliandika, halafu akamsomea.

Tiba hii ya masimulizi si ngeni kwetu. Mwaka 2005 ulitoka utafiti juu ya watoto 6 wa Kisomali wa hapa hapa Nakivale. Mwaka 2008 Frank Neuner na wenzake wakatoa mwingine, wa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Waliotibu hawakuwa madaktari, bali watu wa kambini waliofunzwa wiki 6. Waliopona maradhi hayo ya kiwewe walikuwa kama 7 katika kila 10 waliosimulia. Kwa wasiotibiwa hawakufika 4.

Siku ya nne mwanangu alilifikia jiwe kubwa: usiku aliouawa baba yake. Nilidhani alikuwa amelala. Kumbe aliona yote, akanyamaza miaka 7 ili asiniumize. Nami nilinyamaza ili nisimuumize yeye. Tulilia pamoja kwa mara ya kwanza.

Nabii Yaaqub alimlilia Yusuf mpaka akapoteza macho, naye ni Nabii. Kulia si upungufu wa imani.

Sasa mwanangu analala, alhamdulillah. Mlango ukibamizwa hushtuka, lakini hakimbii.

Wazazi wenzangu, tusiwalazimishe watoto kusema, ila tusiwaambie wasahau. Tuwatafutie mtu aliyefunzwa, na siku wakiwa tayari, tuwe karibu.

Wabillahi tawfiq.
Dada yenu, Nakivale