Treni za Bati Chini ya Nyundo

Kiwanda cha Meccano pale Binns Road, Liverpool, kilifungwa Novemba 1979. Mimi nilifika kaskazini mwa Uingereza miaka michache baadaye, nikisomea uuguzi, kwa hiyo sikuwahi kukiona kikifanya kazi, kiwanda kilichotoa treni za Hornby tangu 1920 na magari ya Dinky tangu miaka ya 1930. Karakana za Beyer, Peacock huko Manchester nazo zilikuwa zimekufa tangu 1966, na hizo ndizo zilizoniuma. Baba yangu alikuwa fundi wa boila katika karakana ya reli Nairobi. Injini alizozienzi kuliko zote ni Garratt za daraja la 59, zile 34 zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Zote zilitoka Manchester. Nilitamani kuona zilikozaliwa, nikakuta hakuna tena cha kuona. Kitu pekee cha ulimwengu ule ambacho bado kilikuwa na uhai ni mnada, maana waliozichezea treni za Hornby wakiwa watoto walikuwa sasa watu wazima wenye kipato, na walizitaka tena.

Siku zile minada ya vichezeo ilifanyika Jumamosi, katika ukumbi wowote ulio wazi, wakati mwingine hata penye mnada wa mifugo. Asubuhi ilikuwa ya kukagua. Vitu vilipangwa kwa mafungu juu ya meza ndefu, kila fungu na namba yake, na vingi hukukatazwa kuvishika. Uliinua kichwa cha treni cha bati, ukakipindua, ukakaza springi yake kwa ufunguo kidogo tu na kusikiliza gia. Mchana dalali alipanda jukwaani, nasi tukainua vibao vyetu vya namba. Lakini kwangu mchana ulikuwa wa kulipa tu. Mambo yote yenye maana yalikwisha kutendeka asubuhi, kati ya vidole na chuma.

Kulikuwa na mzee mmoja, dereva mstaafu wa treni, aliyenikuta nimeinama juu ya injini ndogo ya mvuke. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwonyesha mstari mweupe wa chokaa chini ya vali ya usalama: hapo maji yamekuwa yakivuja, yakikauka, yakiacha alama, na baba aliniambia boila haijui kuficha. Tangu siku hiyo mzee hakuniacha nipite meza yoyote bila kunifundisha kitu.

Yeye ndiye aliyenieleza jinsi metali inavyooza. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, magurudumu mengi ya Hornby na magari mengi ya Dinky yalimiminwa kwa aloi ya zinki. Ikitokea risasi kidogo imechanganyika humo, hata kwa bahati mbaya tu kiwandani, aloi huanza kuharibika kutoka ndani. Inavimba, inapata nyufa nyembamba kama udongo wa kiangazi, na baada ya miaka inamomonyoka. Hakuna dawa. Ubaya wake ni kwamba rangi ya juu inaweza kubaki nzuri kabisa, hivyo jicho linadanganyika. Mzee alipitisha ukucha polepole kwenye ukingo wa gurudumu, kisha akanipa nami nipitishe. Ufa ambao sikuuona niliusikia kwa ukucha. Elimu hiyo haikuwa katika kitabu chochote nilichokuwa nacho, na sijui ningeipata wapi kwingine.

Injini za mvuke ndizo zilizonishika moyo, hasa Mamod, zilizoanza kutengenezwa Birmingham mwaka 1937 na Geoffrey Malins. Ni kitu chepesi kukielewa, na ndiyo maana nakipenda. Boila ni mtungi wa shaba ya manjano. Chini yake moto, ambao mpaka miaka ya 1970 ulikuwa wa spiriti, baadaye wa vidonge vikavu. Silinda haina vali ya kuifungulia mvuke. Yenyewe inabembea, na kila inapobembea tundu lake linapita kwanza mbele ya njia ya mvuke unaoingia, kisha mbele ya njia ya kuutolea. Mtoto wa miaka minane akiitazama dakika chache anajua, kwa macho yake, kile ambacho baba yangu alikifanyia kazi maisha yake yote. Injini iliyochezewa huungua rangi juu ya kikasha cha moto, bati likawa jeusi. Hizo ndizo nilizozitafuta.

Kisha sanduku likaanza kumshinda mwenye sanduku. Niliona jambo hilo likikua katika miaka ya 1990. Gari ambalo mtoto alilivuta sakafuni mpaka rangi ikatoka halikuthaminiwa. Lile lililosahauliwa kabatini, likiwa na boksi lake la karatasi na vifuniko vyote, lilipiganiwa. Maboksi matupu yakapata soko lake. Wakaja na wachapaji wa maboksi mapya ya kuigiza, tukaanza kukagua karatasi badala ya magurudumu. Naelewa kwamba yapo yanayostahili: Hornby ilipotoa *Princess Elizabeth* mwaka 1937, ilikuja katika sanduku la mbao lililotengenezwa kwa heshima, na kuvitenganisha viwili hivyo ni kuharibu. Lakini kwa kawaida boksi zima lina habari moja tu, kwamba hakuna mtoto aliyekipata kile kitu. Kukilipia zaidi kitu kwa sababu hakikupendwa na mtu naona ni kukidhulumu kile kilichopendwa.

Intaneti haikuja kwa kishindo. eBay ilifika Uingereza 1999, na bidhaa za kawaida, reli zilizotumika, mabehewa yasiyo na kichwa, zikahamia huko kimya. Baadaye madalali wenyewe wakaweka kompyuta pembeni ya jukwaa, na bei ikaanza kupandishwa na watu tusiowaona. Mwaka 2017 Christie's wakafunga ukumbi wao wa South Kensington, ambako vichezeo viliuzwa kwa katalogi nzuri zilizokuwa darasa tosha. Kisha 2020 kumbi za minada zikazuiwa kwa kila mtu kwa sababu ya korona, na ugonjwa ulipopungua, wengi hawakurudi. Wengine walikuwa wamezoea kununua wakiwa nyumbani. Wengine, mzee wangu mmojawapo, walikuwa wamefariki.

Hapo ndipo bei zilipojibu swali ambalo hakuna aliyetaka kuliuliza. Mikusanyo ya kizazi kile ilianza kuja kwa pamoja, ikiletwa na wajane na watoto, na waliokuwa wakipiganiana fungu moja sasa walikuwa ndio wauzaji. Treni za kawaida za bati zikashuka. Vitu adimu kabisa vimeshikilia. Walioingia sokoni ni waliokuwa watoto miaka ya 1970 na 1980, nao wanataka vilivyokuwa vyao, wanasesere wa Star Wars waliouzwa na Palitoy. Siwalaumu hata kidogo. Kila mtu hununua alichowahi kukiona dirishani mwa duka akiwa na miaka saba.

Ninachokililia ni ukucha. Picha kumi za simu hazimwambii mtu kama gurudumu limeanza kufa.

Hata hivyo mpwa wangu, mwana wa kaka yangu, amenilazimisha nifikiri upya. Anakaa Nairobi, na huwa anakwenda Makumbusho ya Reli kuitazama namba 5918, *Mount Gelai*, mojawapo ya zile Garratt za babu yake. Mwaka jana tulikuwa tunafuatilia mnada mmoja, yeye kwenye simu yake, mimi kwenye kompyuta yangu, akanipigia. "Shikamoo shangazi. Ikuze ile picha ya nyuma. Skrubu za kikasha cha moto hazifanani, mbili kichwa chake ni cha msalaba." Ni kweli, na injini ile ilielezwa kwamba haijaguswa. Tukamwandikia dalali kuomba picha za upande wa chini, zikaja kesho yake, tukaliacha fungu lile na kupandia jingine lililoungua rangi vizuri. Tulilipata kwa bei ndogo, hata baada ya kuongeza ada ya mnunuzi.

Anakuja Agosti. Kuna nyumba ya mnada, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwangu, ambayo bado inaruhusu kukagua kwa miadi siku moja kabla ya kuuza. Nimeshaweka miadi kwa majina yetu sote wawili, na nimeomba watutolee kabatini Dinky zote za kabla ya vita.