Rangi si mapambo: kuifunza Vim faili zako mwenyewe

Nimekuwa kimya wiki mbili, na sababu yenyewe naona haya kuisema. Lakini acha niseme, huenda ikamsaidia mtu.

Kazini tuna programu ya kukokotoa ada za sacco moja. Kanuni za ada zinakaa katika faili zinazoishia na .tozo, aina ya faili tuliyoibuni wenyewe. Ijumaa moja jioni, nikiwahi matatu, nilitaka kuzima kanuni ya zamani. Nikaweka alama ya # mbele ya mstari usio wake. Nikawa nimezima kanuni inayowapunguzia ada wanaotoa chini ya shilingi 1,000. Kufikia Jumatatu, wanachama 73 walikuwa wamekatwa shilingi 30 badala ya 10. Tuliwarudishia zote, jumla 1,460, lakini mama aliyekuwa ametoa 200 hakutaka kusikia habari za alama ya #.

Kinachoniuma ni kwamba niliipitia faili ile mara mbili. Sikuona kitu, kwa sababu Vim haikuijua .tozo, ikanionyesha mistari yote kwa rangi moja. Ingekuwa faili ya Python, mstari uliozimwa ningeuona papo hapo.

Dawa ilichukua dakika kumi. Hakikisha .vimrc yako ina mistari hii:

filetype on
syntax on

Kisha unda faili ~/.vim/ftdetect/tozo.vim, ili Vim iitambue aina hiyo:

au BufRead,BufNewFile *.tozo set filetype=tozo

Mwisho, unda ~/.vim/syntax/tozo.vim:

syntax keyword tozoAmri kama basi ada
syntax match tozoNamba "\<\d\+\>"
syntax match tozoMaelezo "#.*$"
hi def link tozoAmri Statement
hi def link tozoNamba Number
hi def link tozoMaelezo Comment

Mstari wa tatu ndio ungeniokoa: chochote kuanzia # hadi mwisho wa mstari ni maelezo. Mistari ya link haichagui rangi. Inaazima zile za mandhari unayotumia, kwa hiyo ukibadilisha mandhari, nazo zinafuata.

Rangi haitakuambia kama kanuni yako ni sahihi. Itakuonyesha tu mistari ambayo kompyuta itairuka. Ijumaa ile, hilo tu lingenitosha.